Miaka Minne Shuleni: Maneno kwa Vijana Wanaomaliza Masomo

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne, wazazi wao na walimu, katika shule moja ya misheni iliyo karibu na mpaka wa Kaunti za Homa Bay na Migori, mwezi wa Oktoba, 2025. Msemaji mwenyewe alisoma katika shule hiyo.)



Kazi yangu ya kila siku ni kufasiri maneno ya watu wengine. Mkubwa akisema kwa Kiingereza, mimi huyaandika kwa Kiswahili. Na wananchi wakileta maombi yao kwa Kiswahili, huyaandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo si desturi yangu kusimama na kusema maneno yangu mwenyewe, nami naomba mnivumilie nikikwama.

Mwalimu Mkuu aliniandikia kwamba mngependa kusikia jinsi darasa letu lilivyoishi hapa, tangu mwaka 2005 tulipoingia kidato cha kwanza hata mwaka 2008 tulipofanya mtihani wetu. Nilifurahi kuupata mwaliko huo. Walakini nilipokaa kuandika niliona si haki kueleza furaha peke yake. Katika miaka ile minne limo jambo moja ambalo darasa letu hulionea haya mpaka leo. Nimeona ni vyema niliseme, kwa kuwa mtakapotoka katika lango hili mtakuwa mnauelekea Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2027, na wengi wenu mtapiga kura kwa mara ya kwanza.

TULIVYOINGIA

Tulikuwa wanafunzi 43. Kila mmoja alikuja na sanduku la bati, godoro, na karo iliyotoka mahali pake. Mwenzetu wa Rusinga alilipiwa kwa omena, samaki wadogo ambao mama yake aliwaanika juu ya nyavu ufukweni. Wa Awendo na Rongo walilipiwa kwa miwa, na miwa ilipochelewa kulipwa nao walichelewa kurudi shuleni. Wa Nyatike alisema karo yake ilioshwa katika karai, maana baba yake alikuwa mchimba dhahabu. Wa upande wa Kehancha walilipiwa kwa tumbaku na mahindi. Mimi nililipiwa kwa ng'ombe wawili na kwa mshahara mdogo wa mjomba wangu, Mungu amrehemu.

Lugha zetu nazo zilikuwa nyingi. Wengi tulisema Kijaluo, lakini walikuwako Wakuria, walikuwako Wakisii, na alikuwako kijana mmoja wa Mfangano ambaye nyanya yake alisema Kisuba, ilhali yeye mwenyewe alibakiwa na maamkizi tu. Usiku wa kwanza bwenini kila kundi lilijitenga na kunong'ona kwa lugha yake. Alfajiri ya siku ya pili kengele ilipolia, kiranja alituamuru sote kwenda kuteka maji mtoni, na ndoo haina kabila. Huko mtoni ndiko tulikoanza kusema Kiswahili kibovu, kila mtu kwa makosa yake, tukichekana. Kwa hakika lugha inayonipa chakula leo niliianza pale.

KAZI NA MICHEZO

Maisha yetu yaliendeshwa na kengele. Asubuhi uji, mchana mahindi na maharagwe, ambayo sisi huita nyoyo, jioni ugali na sukuma wiki. Nyama ilikuja siku kuu, na hata siku hiyo ilitubidi kuitafuta ndani ya mchuzi. Umeme ulipokatika tulisoma kwa taa ya karabai, watu kumi na watano wakiizunguka, na aliyekaa mbali aliomba asomewe kwa sauti. Nadhani wengi wetu tulijifunza kusikiliza vizuri kwa sababu hatukuwa na nafasi ya kuona.

Chama cha wakulima vijana kilikuwa na shamba nyuma ya jiko. Mboga zake zilipunguza gharama za shule, nasi tuliringa sana kila tulipokula sukuma wiki tuliyoipanda wenyewe. Kiwanja cha mpira kiliinama upande mmoja kama paa la nyumba. Timu iliyoshinda bahati ilichagua kushambulia kwenda chini, na wageni walilalamika kila mara.

Kwaya yetu ilishiriki katika mashindano ya muziki, ambayo katika nchi yetu yalianza zamani, mwaka 1927. Tulikuwa na kijana aliyepiga orutu mpaka wazee wakasimama. Mwaka 2006 tulifika mashindano ya mkoa, tukashindwa, na tuliporudi usiku mpishi alikuwa ametuwekea uji moto. Sikumbuki tena ni nani aliyetushinda, lakini uji ule naukumbuka.

SAFARI YA THIMLICH OHINGA

Katika yote hayo safari moja ilizidi nyingine. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu aliyezaliwa upande wa Nyeri. Alikuwa mpole, mwembamba, na mkali kwa jambo moja tu: hakupenda jibu lisiloonyesha njia. Ukipata jibu sahihi bila kuandika hatua zake, alikunyima alama, akasema, "Umefika, lakini sijui ulipita wapi."

Mwaka 2007, tulipokuwa kidato cha tatu, alitupeleka Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya sasa ya Migori. Tulidhani hiyo ni safari ya somo la historia, kumbe yeye alibeba kamba na vipimo. Mahali pale pana maboma ya mawe yaliyojengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha meta moja na nusu mpaka meta nne na nusu, na unene wa meta moja mpaka tatu. Hapana saruji wala udongo wa kuunganishia, wala msingi haukuchimbwa. Mawe yamepangwa kwa ufundi, ya nje na ya ndani yakishikwa na ya katikati, na kila jiwe linasimama kwa kuwa limeegemea jenzake.

Alitugawa katika makundi, akatuamuru tupime na tukadirie ukuta mmoja una mawe kiasi gani. Kisha akatueleza kwamba maboma yale hayakukaliwa na watu wa kabila moja. Jamii moja iliondoka, nyingine ikaja, na wenye lugha mbalimbali wakayakalia kwa zamu mpaka karne ya 20; waliokuja baadaye walizitengeneza kuta walizozikuta badala ya kuzibomoa. Sisi tuliandika hayo katika daftari zetu kama tulivyoandika urefu na unene, tukadhani tumeelewa.

JAMBO TUNALOLIONEA HAYA

Uchaguzi Mkuu ulifanywa tarehe 27 Desemba, 2007. Mnajua yaliyofuata, ingawa mlikuwa bado hamjazaliwa au mlikuwa mmebebwa mgongoni. Katika miezi miwili watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika Kenya, na mamia ya maelfu wakahama makwao, mpaka mapatano yaliposainiwa tarehe 28 Februari, 2008.

Mwalimu wetu alikuwa amepanga nyumba sokoni. Likizo ile hakwenda kwao mapema, kwa sababu alikuwa amechukua daftari zetu zote ili azisahihishe. Jioni moja kundi la watu lilikwenda mlangoni pake. Hawakuwa wanafunzi, lakini wanafunzi watano wa darasa letu wanaokaa karibu na soko tulikuwapo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hatukurusha jiwe, wala hatukushika kiberiti. Tulisimama ng'ambo ya barabara, tukatazama. Vyombo vyake vilitolewa nje vikachomwa, na daftari zetu 43 zikaungua pamoja navyo. Padre alimchukua usiku ule kwa gari la misheni akamfikisha kituo cha polisi, na kutoka huko akasafirishwa kwenda kwao.

Mtu akituuliza, "Mlifanya nini?" tungeweza kujibu kwa kweli, "Hatukufanya neno." Na hilo ndilo kosa lenyewe. Watu watano waliomjua kwa jina, ambao alikuwa akisoma kazi zao usiku, hawakuthubutu hata kusema, "Huyu ni mwalimu wetu." Sidai kwamba tungewazuia wale watu. Nasema tu kwamba hatukujaribu.

Shule zilichelewa kufunguliwa mwaka ule. Tuliporudi hapakuwa na mwalimu wa hesabu wa kidato cha nne. Kadhalika tulimkuta mwenzetu mmoja amekonda sana. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika mashamba ya maua Naivasha, nao walifukuzwa kule kwa sababu wao ni Wajaluo, wakafika nyumbani na nguo walizovaa. Tulidhani yeye ndiye atakayekuwa na uchungu kuliko wote juu ya watu wa kabila la mwalimu. Jioni moja, tulipokuwa tukinung'unika kwamba tutashindwa mtihani kwa kukosa mwalimu, alisimama akasema, "Waliotufukuza kule hawakutujua. Sisi mwalimu tulimjua." Kisha akaketi. Hakuna aliyejibu.

BARUA

Siku ya pili yake tuliamua kumwandikia mwalimu barua, nami niliagizwa kuiandika kwa kuwa nilipata alama nzuri katika insha. Niliandika kwa Kiswahili. Kiingereza kilitufanya tuonekane kama watu wa ofisi, na Kijaluo yeye hakukijua. Niliandika, "Tunasikitika sana kwa yaliyotokea." Nikampelekea mwalimu wa Kiswahili anisahihishie. Alisoma, akaweka mstari mwekundu chini ya neno moja, akaniuliza, "Yaliyotokea yalitokea yenyewe, kama mvua?" Nikakaa kimya. Akasema, "Basi andika neno lenye mwenyewe." Nilirudi darasani, tukabishana usiku mzima, na hatimaye tukaandika: "Tunaomba radhi kwa mambo tuliyoyaacha yatendeke mbele ya macho yetu."

Mpaka leo, miaka 17 baadaye, nikiwa ofisini nikakutana na sentensi isiyo na mtendaji, naukumbuka mstari ule mwekundu.

Wanafunzi 41 walitia sahihi. Wawili walikataa, wakasema wao hawakuwako sokoni wala hawana la kuombea radhi. Hatukuwalazimisha. Mwalimu Mkuu wa wakati ule aliipeleka barua kwa posta.

Majibu yalikuja baada ya majuma matatu. Ndani ya bahasha mlikuwa na maswali 20 ya hesabu yaliyoandikwa kwa mkono, na chini yake maneno machache: "Fanyeni, onyesheni njia, mnirudishie." Juu ya barua yetu hakusema neno.

Tukafanya, tukayarudisha. Akasahihisha, akaleta mengine. Mambo yakaenda hivyo kila baada ya majuma mawili mpaka mwezi wa Oktoba. Kila mwanafunzi alitoa shilingi kumi kwa ajili ya stempu na bahasha, na yule wa Naivasha, ambaye hakuwa na shilingi kumi, ndiye aliyekwenda posta kwa miguu. Tulifanya mtihani wetu wa KCSE mwaka ule ule ambao Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani, na Serikali ikatangaza tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko. Nchi nzima ilicheza ngoma, nasi tulikuwa tumeinamia maswali ya mwalimu wetu. Matokeo yalipotoka mwaka 2009, hesabu haikuwa somo lililotuangusha.

Mwaka 2018 tulikusanyika hapa kutimiza miaka kumi. Tulimwalika mwalimu, naye akaja. Alikuwa ameihifadhi barua yetu, akaomba isomwe kwa sauti. Ilipokwisha kusomwa, mmoja wa wale wawili waliokataa aliomba kalamu, akatia sahihi yake chini kabisa, mahali palipobaki nafasi ndogo. Kesho yake tulikwenda naye Thimlich Ohinga, ambayo mwaka huo huo ilikuwa imeandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Alipima ukuta kwa hatua zake, akatuuliza kama tunakumbuka jibu. Hakuna aliyekumbuka. Akacheka sana.

MANENO MATATU KWENU

Vijana, nimesema mambo yetu. Sasa niseme yenu. Ninyi mliingia shuleni mwezi wa Mei, 2022, wakati kalenda ya masomo ilipokuwa bado imevurugwa na ugonjwa wa korona. Tena ninyi ni miongoni mwa madarasa matatu ya mwisho ya utaratibu wa 8-4-4, maana darasa la mwisho linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Wadogo zenu watapita njia nyingine. Nina maneno matatu.

La kwanza ni juu ya cheti. Wako miongoni mwenu ambao wazazi wao bado wanadaiwa karo, na najua wanaogopa kwamba watanyimwa vyeti. Jueni ya kuwa Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 hairuhusu mtu wala shule kumzuilia mtahiniwa cheti chake. Sisemi msilipe madeni. Deni ni deni, na shule hii hula kwa karo. Tangu mwaka 2008 Serikali imekuwa ikitoa fedha kwa ajili ya masomo ya kila mwanafunzi wa sekondari, zikianzia shilingi 10,265 kwa mwaka, lakini gharama za bweni zimebaki juu ya wazazi. Nasema kwamba mtoto asikae nyumbani miaka mitano kwa hofu. Njoo ofisini na mzazi wako, zungumza kwa adabu, panga namna ya kulipa, na chukua cheti chako. Ukikipata, kiweke mahali pakavu, mbali na mchwa na panya, wala usimwachie mtu.

La pili ni kwa wale ambao hawatapata alama wanazotamani. Mwana wa Rusinga, Tom Mboya, aliacha masomo yake Mang'u kwa kukosa fedha. Mwaka 1959 mtu huyo huyo alikuwa mmoja wa waliotengeneza njia kwa wanafunzi 81 kusafiri kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Mlango uliofungwa mbele yake hakuufunga mbele ya wengine. Kwa hiyo asiyefika chuo kikuu asijione si kitu, na atakayefika asimsahau aliyebaki. Andikeni majina yenu yote katika daftari moja leo, kabla hamjatawanyika, na mchague mtu wa kuitunza. Sisi tulifanya hivyo, na kwa sababu ya daftari ile tumewazika wenzetu watatu kwa heshima na kuwasomesha watoto wawili wa mmoja wao.

La tatu ndilo zito. Katika miaka miwili ijayo watakuja watu kwenu, wamevaa vizuri, wana fedha kidogo mkononi, na watawaambia kwamba jirani yenu ni adui. Kijana aliyemaliza masomo na hajapata kazi ndiye wanayemtafuta kwanza. Sikuombi uwe shujaa. Nakuomba, siku utakapojikuta umesimama ng'ambo ya barabara ukitazama, mtaje yule mtu kwa jina lake. Sema, "Huyu namjua." Pengine hutasikilizwa. Lakini utakuwa umesema, na hutahitaji kuandika barua kama yetu.

Wazazi, nawapa hongera. Mmetoa omena, miwa, ng'ombe na jasho lenu, na matunda ndiyo haya mnayoyaona. Walimu, hatuwezi kuwalipa. Ninyi vijana, nendeni katika mtihani wenu kwa utulivu. Someni swali mara mbili, andikeni kwa mkono unaosomeka, na katika karatasi ya hesabu, tafadhali, onyesheni njia.